Tanki Nyuma ya Kiti

Kamioneti ya papa, baba yangu, ilinizidi umri, na tanki lake la esansi lilikuwa ndani ya kabini, nyuma ya kiti. Ndivyo walivyozitengeneza zamani. Ukikaa, kilichokutenganisha na mafuta ni kitambaa cha kiti, sponji na bati jembamba. Nikimweleza jambo hilo mtu wa rika langu, ananitazama kana kwamba nimemwambia tulikuwa tunalala na mbabula wa makaa unawaka chini ya kitanda. Mimi nililala pale. Nililala njia nzima kutoka Kalundu hadi Luvungi, mgongo kwenye kiti, na nyuma ya mgongo wangu mafuta yakienda na kurudi.

Mshale wa mafuta ulikufa kabla sijaanza shule. Papa hakuutengeneza kwa sababu alikuwa na mimi. Alikuwa akiuliza bila kugeuza shingo:

"Mama, mafuta iko?"

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na hajawahi kuniita vingine. Mimi nilibana mgongo kwenye kiti, nikasubiri kona au shimo, nikasikiliza. Tanki likijaa halisemi kitu, linatulia kama mtu aliyeshiba ugali. Likiwa nusu, linasukuma mawimbi polepole, upande huu, halafu upande ule. Likikaribia kuisha, linapiga bati makofi madogo madogo. Nilijibu "Imejaa," au "Nusu," au "Papa, tutafute," naye aliamini. Madereva wengine walikuwa wanasimama na kuchungulia kwa fimbo. Papa hakuwa na fimbo. Tangu hapo nimepewa kazi kadhaa na diploma moja, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniamini kwa namna ile, bila kuniuliza nimejuaje.

Nasema hivyo kwa sababu swali hilo, umejuaje, ndilo nililorudi nalo kutoka chuo kikuu Bukavu. Nilisoma fizikia. Nilirudi Uvira nikiwauliza watu wote: mhubiri, muuza dawa, mama, mtangazaji wa redio. Umejuaje? Nani amepima? Mama alisema wamenifundisha tabia ya mtoto wa miaka mitatu na kunipa karatasi juu yake.

Nikiwa huko Bukavu, mdogo wangu aliolewa. Macho ya papa yalikuwa yameanza kuchoka, hasa jioni, wakati jua la bonde la Ruzizi linapoingia kioo cha mbele kwa ubavu. Mume wa mdogo wangu akashika usukani. Nilipokuja likizo nikakuta kijana mrefu anateremka mahali pa papa, anafuta mikono kwa kitambaa, ananisalimu kwa mikono miwili: "Karibu, shemeji, tunakusikiaka tu." Ndani ya kabini alikuwa ametundika kitambaa chake cha kufutia jasho kwenye msumari ambao mimi nilikuwa natundika begi la shule.

Tatizo la shemeji yangu ni kwamba hana tatizo. Halewi. Hapandishi sauti. Wanawake wa Kalundu wanaopakia magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, wanamwita "baba" ingawa wengi wangeweza kumzaa. Papa anamwita "mutoto wangu," na analisema neno hilo kwa raha, kama mtu anayeonja kitu. Nimejaribu kutafuta kasoro yake kwa juhudi ambazo kama ningezitia kwenye masomo ningekuwa profesa. Nilipata moja: anapiga mluzi akiendesha. Nilipomwambia, aliacha.

Basi tanki likaoza. Lilianza na harufu, lakini harufu ilikuwepo siku zote, hivyo hatukuitilia maanani. Kisha kiti kikawa kinalowa. Fundi wa garaji ya karibu na daraja la Mulongwe alipaka sabuni ya mche kwenye tundu, kama wafanyavyo mafundi wote wa huku, na sabuni ilishika mpaka ikaacha kushika. Papa akawa anafika Sange ameshika kichwa, anateremka, anakaa kwenye jiwe kando ya barabara mpaka dunia itulie. Walipolitoa tanki na kuliinua kuelekea jua, chini yake palionekana kama chekecheo la unga.

Shemeji ndiye aliyepata tanki lingine. Alilitoa kwenye gari lililokufa Kalundu, karibu na mahali boti zinaposhusha mizigo. Lilikuwa zima, refu, bapa kama mlango wa kabati. Lakini nyuma ya kiti halikuingia. Ili liingie, ingebidi kiti kisogezwe mbele mpaka magoti ya papa yaguse dashibodi. Kwa hiyo likazuka swali ambalo kamioneti ile haikuwahi kuulizwa tangu izaliwe: tanki likae wapi?

Tulikuwa uani nyumbani, chini ya bati la jiko la nje, kamioneti imeinuliwa kwa magogo. Papa alikaa kwenye kiti cha plastiki. Fundi alichuchumaa karibu na gurudumu la nyuma, akingoja watu wenye gari wamalize kuamua. Shemeji alikuwa amelala chini kwenye gunia, miguu tu ikionekana.

"Papa," sauti yake ilitoka chini, "hapa kushoto, kati ya shasi na ule muti wa kuzungusha magurudumu, iko nafasi. Bomba ya moshi inapita kuume. Rezervuari itaingia kama iliumbwa hapa."

Chini ya kitanda cha mizigo. Kule hakuna mgongo wa mtu unaofika.

"Na mawe?" nikauliza. "Barabara ya Luvungi inatupa mawe chini siku nzima."

"Tutaweka bati ya pipa, shemeji. Itakuwa ngao yake."

"Na mito? Mvua ikinyesha milimani maji yanafika katikati ya magurudumu."

"Tutapandisha mudomo wake juu, kwenye ubavu wa kitanda. Na katiyo, kale kampira ka kupumulia, tutakapitisha juu zaidi. Maji haitafika."

Alikuwa amefikiria yote. Hilo ndilo lililoniudhi. Mtu akikosea unaweza kumsahihisha. Mtu aliyefikiria yote unamfanya nini?

"Mbona tusiliweke juu, kwenye kitanda, nyuma ya kabini?" nikasema. Wazo hilo sikulipenda, ila angalau lilikuwa karibu na kiti. Ukifungua kidirisha cha nyuma ungeweza kusikia.

Papa alicheka. "Mama, tunabeba ndagala. Ule mama wa kununua Luvungi, mbele ya kuangalia gunia kwa macho, analeta pua. Akisikia esansi, gunia yote tunarudi nayo, tunaikula sisi."

"Tutakula mwaka mzima," fundi akasema.

"Basi tuunde lingine," nikasema. "Fundi achukue vipimo vya lile la zamani, akate bati, asudiri jipya kwa moto, lirudi mahali pake."

Shemeji akajivuta kutoka chini, mchanga kwenye nywele, akaketi.

"Shemeji, papa anaumwaka kichwa."

"Anaumwa kichwa kwa sababu tanki lilitoboka, si kwa sababu lilikuwa ndani. Miaka yote lilikuwa ndani, je, aliumwa? Umejuaje kwamba tanki zima litamuumiza?"

Nilikuwa na haki. Mpaka leo naamini nilikuwa na haki, kwa hoja tupu. Papa alinitazama, akafikiri, halafu akafanya kile ambacho sijakisahau: akageuka kumtazama shemeji, kuona atajibu nini. Maneno yangu yalikuwa yamefika kwake kama barua iliyoandikwa kwa jirani.

"Sijue," shemeji akasema. "Pengine iko vile unasema. Lakini muntu hawezi kukaa ameegemeza mugongo kwenye esansi, na ukimuuliza sababu anasema, eh, mbona jana sikuungua."

Fundi akacheka kwa pua. Mama, aliyekuwa anachambua majani ya sombe mlangoni, akasema bila kuinua macho, "Munabishania nyumba ya esansi kuliko munabishania nyumba yangu. Mimi bati yangu inavuja tangu mwaka ule ziwa ilipanda, sijaona mutu amelala chini yake kuangalia."

Nilibakiwa na hoja moja, na ilikuwa nzuri. Pampu ya esansi ya kamioneti ile iko kwenye injini na ni ya zamani kama injini yenyewe. Tanki la nyuma ya kiti lilikuwa juu yake, kwa hiyo mafuta yaliteremka yenyewe na pampu ilikuwa inasaidiwa. Tukishusha tanki chini ya shasi, pampu italazimika kuvuta mafuta juu, peke yake, kwa ngozi yake ya ndani iliyozeeka. Niliwaeleza. Nilichora ardhini kwa kijiti: hapa tanki, hapa pampu, hiki kimo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile wote watatu walisogea na kutazama mahali mkono wangu ulipokuwa.

"Njo vile," fundi alisema. "Inaweza kukataa."

"Itakataa," nikasema.

"Umejuaje?" papa akauliza.

Sijui kama alinitania. Uso wake haukuonyesha. Nikasema tupime. Tuchukue bidoni, lile dumu la njano, tuitie esansi, tuiweke chini kabisa, juu ya udongo, mahali pabaya kuliko mahali popote tanki litakapokaa. Tiyo ya plastiki, ile unayoona ndani yake, itoke kwenye bidoni iende kwenye pampu. Kama pampu itavuta kutoka ardhini, itavuta kutoka kwenye shasi. Kama haitavuta, tanki linarudi nyuma ya kiti na hakuna neno tena. Shemeji akasema, "Hiyo ni haki." Hata hapo hakunipa nafasi ya kumchukia vizuri.

Niliiweka bidoni mimi mwenyewe. Nilitafuta sehemu ya ua iliyobonyea, pale maji ya kuoga yanapopita, nikaishindilia. Fundi akafunga tiyo. Shemeji akaingia, akageuza ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akapumzisha. Nilitazama tiyo: ilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimejaa. Akageuza tena. Ndani ya tiyo, kitu chekundu kikaanza kupanda, kikasimama, kikapanda tena. Nilikiombea kishuke. Mimi nisiyeomba chakula kikiwa mezani niliomba kwa ajili ya tiyo. Injini ikakohoa, ikashika.

Mwanzoni nilisema ni mafuta yaliyobaki kwenye kabureta, yataisha sasa hivi. Tukangoja. Haikuzima. Nikasema akanyage, apandishe moto, kwenye mlima itahitaji zaidi. Akapandisha. Kamioneti ilinguruma juu ya magogo yake, kuku wakakimbilia kwa jirani, na esansi kwenye bidoni ya njano ikawa inashuka taratibu katika shimo nililoichagulia. Mama alimaliza sombe yake, akaingia nayo ndani, akatoka na sufuria, injini bado inanguruma. Papa alikuwa amefumba macho anasikiliza. Niliwaza: anasikiliza injini yake na hanihitaji mimi kumwambia inasemaje.

"Shemeji," kijana yule aliniita kupitia dirisha, na uso wake haukuwa na ushindi wowote, "nizime ao tuendelee?"

"Zima."

Papa aliinuka, akanipiga bega. "Umefanya muzuri, mama. Bila weye tungeogopa ile pompi siku zote." Halafu akamgeukia yeye: "Haya, mutoto wangu. Weka hapo ulisema."

Kipimo kilikuwa changu. Jibu likawa lake. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, nikiwaandikia wanafunzi wangu wa fizikia ubaoni kwamba jaribio zuri ni lile linaloweza kukuumbua. Huwa siwaambii linavyouma.

Walilifunga tanki kwa mikanda miwili ya chuma, chini yake vipande vya tairi kuukuu ili chuma kisisuguane na chuma. Wakatoboa ubavu wa kitanda kwa ajili ya mdomo. Wakaweka ngao ya bati la pipa. Na kwa kuwa tanki lilikuja na kipimo chake kizima, shemeji akavuta waya mpaka mbele, na ule mshale uliokufa kabla sijajua kusoma ukainuka. Akaniita nije nione. Nilikuja. Nilisema ni vizuri. Mshale ulitetemeka kidogo kisha ukasimama, mwembamba, mwekundu, na nikauonea wivu mshale.

Safari ya kwanza nilikwenda nao. Nilisema nina shughuli Luvungi, na hakuna aliyeuliza ni shughuli gani. Tulipakia ndagala Kalundu asubuhi, tukaondoka shemeji akiwa kwenye usukani, mimi katikati, papa dirishani. Kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma kabisa, kwa kuwa nyuma yake hapakuwa tena na kitu ila mwavuli wa papa na koti lake. Papa alinyoosha miguu. Sikuwahi kumwona amenyoosha miguu ndani ya gari lile. Alipumua kwa pua, polepole, hakushika kichwa, na alikuwa anaongea kuhusu nyanya za Nyakabere, kwamba msimu huu tukichelewa kurudi nazo zitatuozea mikononi. Nilitaka kufurahi. Nadhani nilifurahi. Lakini niliegemeza mgongo, na nyuma yake palikuwa kimya, si kimya cha tanki lililojaa. Ni kimya cha mwavuli na koti.

Tulipita Kiliba. Mahali fulani kabla ya Sange, barabara ilipoanza kuturusha, papa akakatiza habari ya nyanya. Hakugeuza shingo.

"Mama, mafuta iko?"

Sijui kama alisahau. Nimejiuliza tangu siku ile na sitamuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu. Pengine mdomo wake ulikumbuka shimo lile la barabara. Shemeji aliutazama mshale, na mdomo wake ukafunguka, kisha akanitazama mimi, na mdomo ukafungika.

Mshale ulikuwa mbele yangu. Ningeinua macho tu. Sikuinua. Nilibana mgongo kwenye kiti kama zamani, nikasubiri shimo linalofuata, tukaruka, nikasikiliza mwavuli ukigonga bati.

"Nusu," nikasema.

"Sawa," papa akasema. "Sange tutaongeza kidogo."

Niliona mshale baadaye, kwa jicho la pembeni. Ulikuwa karibu na juu kabisa. Walikuwa wamejaza tanki alfajiri, kabla sijaamka. Nikangoja shemeji aseme. Ilikuwa haki yake kusema. Gari alikuwa anaendesha yeye, mshale aliufufua yeye. Papa, na macho yake yale, asingeusoma kutoka dirishani. Neno moja tu, "Papa, imejaa," na kazi yangu ya utotoni ingekuwa imekwisha rasmi, mbele ya shahidi.

Tulipofika Sange shemeji akapunguza mwendo. Akasimama mbele ya mwanamke anayeuza esansi kwenye chupa kando ya barabara, akateremka. Niligeuka nikamtazama kupitia kidirisha cha nyuma. Alifungua mdomo wa tanki. Mwanamke alimimina, na kabla chupa haijafika nusu, mafuta yakapanda yakafurika, yakamwagika kwenye mkono wa shati lake mpaka kwenye kiwiko. Mwanamke akasema jambo, akacheka. Yeye akaweka kidole mdomoni, akatingisha kichwa kidogo kuelekea kabini, akampa chupa na kilichobaki ndani yake, akamlipa.

Alirudi akafunga mlango.

"Tumeongeza, papa."

Ningependa kama angesema. Hata leo ningependa angenitoa aibu pale pale, mbele ya papa na mama wa chupa, ili niwe na kitu cha kumshikia. Alikung'uta mkono wa shati dirishani, akawasha injini. Esansi ilikuwa imemlowesha, na harufu ikaenea kwenye kiti, kwenye dari, kwenye koti la papa nyuma yetu, mpaka kabini nzima ikanuka kama nilipokuwa mdogo.

Papa alishusha kioo chake hadi chini. Halafu akavuta pumzi.

"Eh," alisema. "Mama, unasikia?"

"Nasikia, papa."

Shemeji alitia gia, tukaondoka. Alianza kupiga mluzi, akakumbuka, akaacha.

"Endelea tu," nikamwambia.